Printa ya ofisi kwenye mtandao: omba anwani kabla hujagusa kebo

Printa yenye tundu la USB peke yake bado inaweza kuhudumia ofisi nzima ukiiwekea adapta ya mtandao, kile kiboksi chenye USB upande mmoja na tundu la RJ45 (la kebo ya mtandao) upande wa pili. Kuifunga ni kazi ya nusu saa. Kinachokula siku tatu ni anwani ya IP, namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao.

Kabla ya kununua, hakikisha printa inaelewa PCL au PostScript, lugha za kuielezea printa ukurasa. Printa nyingi za bei ya chini (GDI) huitegemea kompyuta iziandalie ukurasa, na zikipitishwa kwenye adapta hukwama au hutema karatasi zenye herufi zisizosomeka. Mashine inayochapa na kuskani kwa kawaida itachapa tu, skana sahau. Muuzaji atasema inashika zote, bosi. Mwambie aijaribu mbele yako.

Sasa ombi. Geuza adapta, piga picha kibandiko cha chini. Anwani ya MAC, namba ya kifaa iliyowekwa kiwandani, ni jozi sita za tarakimu na herufi, na herufi haziendi zaidi ya F, kwa hiyo ukiona "O" jua ni sifuri. Adapta yenye kebo na Wi-Fi huwa na MAC mbili. Chukua ya njia utakayoitumia. Ukiandikia kitengo cha TEHAMA "naomba IP ya printa", watakujibu kwa swali, na jibu lako litarudi mwisho wa foleni. Barua moja itaje yote: MAC, chumba, namba iliyoandikwa kwenye soketi ya ukutani, na kwamba unataka anwani itengwe kwa MAC hiyo kwenye DHCP, huduma inayogawa anwani za IP kwa vifaa. Uliza pia kama soketi hiyo imeunganishwa kwenye swichi, kifaa kinachokutanisha kebo za mtandao wa ofisi. Nyingi ni mapambo.

Usijichagulie anwani. Mtu hupiga ping (kuibisha hodi anwani) 192.168.1.50, haijibu, anajimegea. Kumbe mwenye kompyuta hiyo yuko likizo. Jumatatu akiiwasha, vifaa viwili vinagombania anwani moja na hakuna anayeelewa kwa nini printa inapatikana saa nne na kupotea saa tano. Wala usiiachie DHCP igawe inavyotaka: umeme ukikatika na ruta ikawaka upya, printa iliyokuwa na anwani inayoishia .23 inaweza kuamka ikiwa .31, huku kompyuta zote zikiendelea kutuma .23. Fundi ataitwa, atabadilisha katriji.

Jibu likishakuja, chomeka kebo, washa printa kwanza kisha adapta, subiri dakika mbili. Adapta nyingi zina kitufe cha kuchapa ukurasa wa mipangilio. Ukisoma 169.254 mwanzoni mwa anwani, adapta haijapewa kitu: kebo mbovu, soketi isiyofanya kazi, au MAC imeandikwa vibaya. HP JetDirect za zamani katika hali hiyo huweza kuonyesha 192.0.0.192. Angalia kwanza taa ya kwenye tundu la kebo. Ikiwa haiwaki, hakuna mpangilio utakaokuokoa.

Anwani ikiwa sahihi, ifungue kwenye kivinjari, badilisha nenosiri la kiwandani, na uiache kwenye DHCP, maana anwani imeshatengwa upande wa pili.

Kwenye Windows, usisubiri kompyuta iitafute printa yenyewe. Mara nyingi itakupa poti ya WSD (ya printa iliyojitafutia yenyewe), ambayo leo ipo kesho haipo. Chagua kuongeza kwa anwani ya TCP/IP, andika IP, weka Raw (njia ya kutuma kazi moja kwa moja) na poti 9100. Adapta zenye matundu matatu kwa kawaida hutumia 9100, 9101 na 9102 kwa mpangilio. Ukilazimika kutumia LPR, njia nyingine ya kutuma kazi kwa jina la foleni, jina la foleni liandike kama lilivyo kwenye ukurasa wa mipangilio, herufi kubwa na ndogo zikizingatiwa. Draiva ni ya printa, si ya adapta.

Halafu kuna hili linalowafanya watu warudishe adapta nzima dukani: kila kitu kiko sawa, ping inajibu, lakini Windows inasema "Offline". Fungua sifa za printa, kichupo cha Ports, bonyeza Configure Port, ondoa alama kwenye "SNMP Status Enabled". Windows huiuliza adapta hali yake kwa SNMP (lugha ya kuulizia hali ya vifaa vya mtandao), adapta ya bei nafuu haijui kujibu, na Windows inahitimisha kuwa imezimwa.

Kwa Wi-Fi, adapta nyingi hushika 2.4 GHz pekee, na mtandao wa wageni kwa kawaida hauruhusu vifaa kuonana. Kama kuna kebo, tumia kebo.

Jaribu kuchapa kutoka kompyuta ya pili. Zima ruta na adapta, washa, chapa tena. Ikichapa, andika IP kwenye kibandiko na ukibandike mbele ya printa, si chini yake.