Somo: Kuishi na fibrilesheni ya atria, na kwa nini uijue vali yako kabla ya kuulizia dawa mpya

Somo hili linawahusu wale walioambiwa kwamba vyumba vya juu vya moyo wao vinatetemeka badala ya kusukuma damu, hali ambayo wataalamu huiita fibrilesheni ya atria, pamoja na ndugu wanaowauguza. Mimi ni mfamasia katika kliniki ya wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na nimelipanga somo kwa hatua ili msomaji aweze kwenda nalo kliniki na kuuliza maswali yake kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ugonjwa ndio huo

Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kisha uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwa sababu katika ugonjwa huu mapigo hayafuati mpangilio wowote: huja mawili ya haraka, likafuata moja dhaifu ambalo kidole hulihisi kwa shida, kisha pakapita kimya kifupi. Kidole hutia shaka tu. Kinachothibitisha ni ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, iliyopimwa wakati moyo uko katika hali hiyo. Wapo ambao hali huwajia na kuondoka, na ECG yao ya siku moja ikatoka safi kabisa. Hao huhitaji kifaa cha kuvaa kifuani kwa saa 24 au zaidi. Mashine ya presha ya nyumbani nayo huyumbishwa na mapigo haya, hivyo pima mara tatu mfululizo na uandike majibu yote.

Hatua ya pili: pima ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), uulize hali ya vali

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, maana hatua hii hurukwa kuliko zote na ndiyo inayoamua dawa. Katika nchi tajiri, wengi wenye ugonjwa huu ni wazee waliokwisha kuishi miaka mingi na shinikizo la damu. Kwetu Afrika Mashariki wazee hao wapo, lakini wapo pia vijana, wengi wao wanawake, ambao utotoni waliugua homa ya baridi yabisi baada ya kuumwa koo, na ugonjwa huo ukaacha makovu kwenye vali ya mitrali, yaani mlango wa damu kati ya chumba cha juu na cha chini vya upande wa kushoto wa moyo. Vali iliyosinyaa huzuia damu kushuka, chumba cha juu cha kushoto hutanuka, mpigo hupotea mpangilio, na damu inayotuama kwenye kifuko cha pembeni cha chumba hicho huganda. Bonge hilo likichomoka na kupanda kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi. Kwa hiyo muulize daktari kwa maneno haya haya: je, vali yangu ya mitrali imesinyaa, na kwa kiwango gani?

Sababu ya kusisitiza hivi ni utafiti ulioitwa INVICTUS, ambao matokeo yake yalitangazwa Agosti 2022. Ulihusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wote wakiwa na fibrilesheni ya atria pamoja na ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, na zaidi ya asilimia 70 walikuwa wanawake. Nusu walipewa rivaroksabani, dawa mpya ya kuzuia damu kuganda isiyohitaji kupima damu mara kwa mara, na nusu wakapewa wafarini, dawa ya zamani ya kazi hiyohiyo, au dawa za jamii yake. Wengi walitarajia dawa mpya ifanye vizuri angalau sawa na ya zamani, lakini waliopatwa na kiharusi, shambulio la moyo, bonge la damu mahali pengine mwilini au kifo walikuwa 560 upande wa rivaroksabani na 446 upande wa wafarini, na wafarini haikuongeza hatari ya kuvuja damu kupita kiasi. Nimekutana na wagonjwa waliouza mifugo ili wanunue dawa mpya wakiamini kwamba iliyo ghali ndiyo bora, ilhali vali zao zilikuwa zimesinyaa na dawa iliyowafaa ilikuwa ileile ya bei nafuu. Jambo hili linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Mwenye vali bandia ya chuma naye hutumia wafarini peke yake. Asiye na matatizo hayo mawili, kwa mfano mzee mwenye presha na vali nzuri, anaweza kutumia apiksabani, rivaroksabani au dabigatrani, ambazo tangu 2019 jamii yake imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Aspirini peke yake haitoshi kuzuia kiharusi cha ugonjwa huu, ingawa bado huandikwa.

Hatua ya tatu: wafarini na kipimo cha INR

INR huonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Kwa wengi lengo ni kati ya 2 na 3. Mwenye vali ya chuma ya mitrali huwekewa lengo la juu zaidi, kwa kawaida kati ya 2.5 na 3.5. Ikiwa chini ya lengo, bonge linaweza kutokea. Ikizidi sana, damu inaweza kuvuja tumboni au kichwani. Mwanzoni kipimo hufanywa kila baada ya siku chache, kisha kila wiki, na kikitulia kila mwezi au zaidi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret ni miongoni mwa mahali ambapo wagonjwa wa moyo hufuatiliwa, na ile ya Eldoret inajulikana kwa kliniki ya wafarini inayoendeshwa na wafamasia. Anayeishi mbali aulize katika hospitali ya mkoa au kaunti yake kama kipimo kipo kabla ya kuanza dawa, wala asingoje mpaka vidonge vimekwisha.

Uwe na daftari dogo lenye safu nne: tarehe, INR, kiasi cha dawa kwa miligramu, na tarehe ya kurudi. Andika miligramu, usiandike «nusu kidonge» wala «kile cha pinki», kwa kuwa rangi hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na nusu ya kidonge cha miligramu 5 si nusu ya kidonge cha miligramu 3. Meza saa ileile kila jioni. Ukisahau na ukakumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na dozi ya siku hiyo bila kujazia.

Kila unaponunua dawa nyingine dukani, taja wafarini kwanza. Flagyl, Septrin na flukonazoli hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya tumbo kuvuja damu.

Hatua ya nne: kasi na mdundo

Daktari ana njia mbili, nazo haziondoi haja ya dawa ya kuzuia kuganda kwa mwenye hatari ya kiharusi. Ya kwanza ni kupunguza kasi kwa bisoprololi, atenololi au digoksini, mtetemo ukiachwa uendelee. Ya pili ni kuurudisha mdundo wa kawaida kwa dawa kama amiodaroni, ambayo hudai kupima tezi la shingo na ini mara kwa mara, kwa mshtuko wa umeme, au kwa kuchoma sehemu za moyo kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja.

Habari njema za miaka ya karibuni ziko hapa. Utafiti wa EAST-AFNET 4, uliofanywa Ulaya na kutangazwa 2020, ulionyesha kwamba kuanza mapema kurudisha mdundo, ndani ya mwaka mmoja tangu ugonjwa ugunduliwe, hupunguza vifo vya moyo na viharusi. Mwishoni mwa 2023 Marekani iliidhinisha kifaa cha kwanza cha kutibu sehemu hizo za moyo kinachotumia misukumo mifupi ya umeme badala ya joto au baridi, njia inayokusudiwa kuepusha madhara kwa umio na neva zilizo karibu. Ni tiba ya gharama kubwa, na kwa mwenye vali iliyosinyaa, vali ndiyo inayotangulia kutibiwa.

Hatua ya tano: dharura

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, nenda hospitali dakika hiyohiyo ukiwa na daftari lako. Fanya hivyo pia kwa kinyesi cheusi kama lami, au ukigonga kichwa hata kama hakuna jeraha.

Maswali ya wasomaji

Swali: Shikamoo. Nimeambiwa niache mchicha na kisamvu kabisa kwa sababu ya wafarini. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Usiache. Mboga za majani zina vitamini K inayopingana na wafarini, lakini kinachoharibu INR ni kubadilika ghafla. Kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na dozi itapangwa kwa mlo wako huo.

Swali: Naomba kuuliza kuhusu Ramadhani. Baba yangu anatumia apiksabani asubuhi na jioni.

Apiksabani inaweza kumezwa wakati wa futari na wakati wa daku. Rivaroksabani humezwa pamoja na chakula, hivyo futari inaifaa, na wafarini vivyo hivyo usiku. Kama mzee anatumia pia dawa ya kupunguza maji, aonane na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa upungufu wa maji unaweza kumwangusha na kudhuru figo.

Swali: Dada, nina miaka 26, vali imesinyaa, natumia wafarini na tunatafuta mtoto.

Mdogo wangu, nenda kliniki kabla hujashika mimba. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na madaktari huweza kukuhamishia kwenye sindano za heparini kwa kipindi hicho. Vilevile vali iliyosinyaa sana huelemewa na mimba, na wakati mwingine hupanuliwa kwanza kwa puto. Hedhi ikichelewa, pima mimba mara moja na uwapigie simu kliniki. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

Swali: Nachomwa penisilini kila mwezi kwa ajili ya baridi yabisi. Muuguzi amekataa kunichoma kwa kuwa natumia wafarini. Nifanye nini?

Muuguzi ana sababu ya kuhofia damu kuvilia kwenye msuli, lakini kinga hiyo isikatike. Nenda na INR ya karibuni; ikiwa ndani ya lengo, kwa kawaida sindano huchomwa, na mahali pake pakakandamizwa kwa dakika kadhaa bila kusuguliwa. Lakini muulize daktari pia kuhusu vidonge, kwa kuwa Januari 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri kwamba wenye vali iliyosinyaa sana, au moyo ulioshindwa kusukuma vizuri, wafikiriwe kupewa penisilini ya kumeza badala ya sindano. Mpelekee jibu la ECHO yako ili aamue.