Bomba la Bafuni Linapiga Shoti: Jinsi ya Kumfanya Mwenye Nyumba Atengeneze

Mdogo wangu wa kike amepanga chumba na sebule Mbagala, Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye wapangaji sita na LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja. Mwaka juzi, mwezi wa tisa, alinipigia simu saa mbili usiku. Mwanawe alikuwa ameshika bomba la bafuni, likamrusha hadi ukutani. Mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa mara tatu kwa mdomo, na mara zote jibu lilikuwa "nitaleta fundi". Mimi ni fundi umeme na nimekuwa mpangaji kwa miaka 11, kwa hiyo nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilichukua wiki 5. Njia tuliyopita ndiyo hii, na tulipokosea nimepasema ili wewe usipoteze muda pale pale.

Hatua ya 1: Zima

Zima meni swichi (swichi kuu ya nyumba), waambie wapangaji wote, na asioge mtu. Aliyenaswa na umeme usimguse kabla hujazima. Kama kuna moto au harufu ya waya kuungua, toeni watu nje na mpige 114, Zimamoto.

Hatua ya 2: Jua kosa liko wapi hasa

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi mbili, na hapa ndipo mwenye nyumba anapopata nafasi ya kukukwepa. Ukimwambia "umeme unapiga" atakujibu "ni hita yako hiyo". Ukimwambia "nyumba haina ethi, picha hii hapa", hana pa kupitia. (Ethi ni waya wa usalama unaoshuka ardhini.)

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kilichokuwa mbele ya macho. Bafuni kulikuwa na shawa ya umeme, bomba liko chini yake, basi nikahukumu shawa. Niliing'oa, nikanunua nyingine, nikafunga, nikapima, nikaondoka. Siku tatu baadaye bomba lilipiga tena. Nikarudi na kuivua hiyo mpya kabisa, na bado mita yangu ya kupimia umeme ilinionyesha volti 90 kati ya bomba na sakafu iliyolowa. Yaani shawa haipo ukutani, na bomba lina umeme.

Kwenye nyumba ya wapangaji wengi, nyaya za ethi za vyumba vyote zimeunganishwa na kuteremka ardhini pamoja. Kazi ya ethi ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja. Ikiwa njia ya kwenda ardhini ni mbovu, umeme uliovuja kwenye kifaa cha jirani unatembea kwenye nyaya hizo hizo na kutokea kwako, kwenye kila chuma kilichogusana na ethi. Tulizima breka za vyumba moja baada ya nyingine huku nikiangalia mita yangu ya kupimia. Tulipozima chumba cha nne, volti zikaanguka. Friji ya huyo jirani ilikuwa inavuja. Yeye mwenyewe hakuwahi kupigwa, kwa sababu friji imekaa juu ya zulia na yeye huvaa ndala ndani.

Lakini friji ni nusu tu ya habari, na ukiishia hapo umeshindwa. Kifaa cha mtu yeyote kinaweza kuvuja siku yoyote. Nyumba inatakiwa ihimili hilo: ethi iupeleke umeme ardhini, na kikata umeme cha uvujaji (mafundi wengi tunakiita ELCB au RCD, chenye kitufe kilichoandikwa T) kikate kabla mtu hajaumia. Kwa matumizi ya nyumbani kinatakiwa cha milliampia 30. Nyumba ile haikuwa nacho.

Na ethi? Nje, chini ya mita, waya wa kijani na njano ulionekana ukizama mchangani vizuri kabisa. Nilikuwa nimeuona tangu mdogo wangu anahamia, mwezi wa nne, nikapima na nikaridhika. Safari hii nilichimba. Waya ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha nondo ya ujenzi cha futi mbili, kimeliwa na kutu, na kibanio kilikuwa kinacheza. Mwezi wa nne ni masika, mchanga umelowa, hata kipande kile kilipitisha umeme. Mwezi wa tisa mchanga wa Mbagala umekauka, hakipitishi kitu. Kwa hiyo fundi akikuambia "nilipima, iko sawa", muulize alipima mwezi gani.

Kazi yenyewe ya kupima iache kwa fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na mwombe akuonyeshe hiyo leseni. Usimruhusu mtu apime ethi kwa kuunganisha taa kati ya laini (waya wenye umeme) na ethi nyumba ikiwa na watu. Kama ethi imekatika, atakuwa amepeleka umeme kwenye mabomba yote. Bisibisi ya testa nayo isiwe ushahidi wako. Inawaka hata kwa umeme mdogo usio na madhara, na wakati mwingine haiwaki penye hatari. Mimi siendi kwenye kazi ya namna hii bila kipima ethi kinachotoa namba ya omu, yaani jinsi njia ya ardhini inavyoupinga umeme; namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Mwambie fundi aiandike namba hiyo kwenye karatasi pamoja na tarehe, jina lake na namba ya leseni. Binafsi nikikuta zaidi ya omu 100 nasema iongezwe nondo ya pili, tena nondo halisi ya ethi yenye shaba.

Na kitufe cha T hakipimi ethi. Kinapima kile kifaa chenyewe tu. Nimekutana na mafundi wanaobonyeza T, kifaa kinakata, wanamwambia mama wa watu nyumba iko salama.

Hatua ya 3: Jua lipi la mwenye nyumba, lipi lako

Wapangaji wengi hudhani bila mkataba wa maandishi hawana haki. Sheria ya Ardhi ya 1999, Sura ya 113, inatambua pangisho la muda mfupi, la mwaka mmoja au pungufu, hata likiwa la mdomo. Na kifungu cha 88 kinaingiza kwenye kila pangisho ahadi za mwenye nyumba, hata kama hakuna aliyezitamka. Mbili zinakuhusu hapa. Kwanza, chumba au nyumba ya kuishi iwe inafaa kwa binadamu kukaa siku ya kuanza pangisho, na iendelee kufaa muda wote. Pili, ukiwa umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu, njia na mifumo ya pamoja ni juu yake kuitunza.

Ethi, meni swichi na nyaya zinazolisha vyumba sita ni mfumo wa pamoja. Friji ni ya jirani, aitengeneze jirani. Shawa aliyoifunga mdogo wangu ni yake. Tenganisha hivyo mapema, tena mbele ya mwenye nyumba. Akiona umekubali mzigo wako, ni rahisi kukubali wake.

Kukata gharama za matengenezo kwenye kodi bila maandishi ya makubaliano, usifanye. Kifungu cha 89 kinakudai wewe kodi, na ukipunguza mwenyewe unampa sababu ya kukuondoa huku bomba bado linapiga.

Hatua ya 4: Andika barua

Simu haina kumbukumbu, na WhatsApp inafutwa. Mimi nashikilia karatasi: nakala mbili, moja anabaki nayo, nyingine anasaini kupokea. Akikataa kusaini, mpelekee ukiwa na shahidi, andika tarehe na saa, kisha ndipo umtumie picha ya barua kwa WhatsApp. Yetu ilisomeka hivi:

"Baba, shikamoo. Tarehe 14 mtoto alipigwa na umeme kwenye bomba la bafu la nyumba yako. Fundi mwenye leseni amepima na kukuta nondo ya ethi imeoza na nyumba haina kikata umeme cha uvujaji. Karatasi ya vipimo na picha zimeambatishwa. Tunaomba vitu viwili: nondo mpya ya ethi na kikata umeme cha milliampia 30. Kwa kuwa ni hatari kwa maisha, tunaomba kazi ifanyike ndani ya siku 7. Friji iliyokuwa inavuja mwenye nayo ameshaiondoa. Wapangaji wako."

Walisaini wapangaji wote sita. Usiongeze rangi ya ukuta, choo kujaa wala mlango unaokwama. Ombi la vitu viwili linajibika. La vitu kumi linamfanya akae kimya. Na mwamkie. Ni mzee, na hata mkifika Baraza la Kata, barua yenye adabu itasomwa kwa sauti mbele ya watu.

Hatua ya 5: Geti na nondo za madirisha

Hili si la umeme, lakini nikiwa pale niliona jambo lililoninyima usingizi kuliko bomba. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa, geti la korido linafungwa kwa kufuli saa tano usiku, na ufunguo analala nao mtu mmoja. Moto ukianzia koridoni, kwenye majiko ya gesi, watu 17 hawana pa kutokea. Nondo zinazomzuia mwizi asiingie ndizo zinazomzuia mtoto wako asitoke.

Ombeni dirisha moja katika kila chumba nondo zake ziwe na bawaba, zifunguke kwa ndani. Fundi wa kuchomelea anamaliza dirisha moja kwa nusu siku. Wakati mkisubiri, kila chumba kiwe na ufunguo wake wa geti, utundikwe mahali pamoja ambapo hata mtoto anapajua gizani. Mitungi ya gesi itoke koridoni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala chini na kutambaa hadi kwenye cheche ya kwanza, kwa hiyo dirisha la juu peke yake haliitoi. Na jiko la mkaa lisilale chumbani, hata likionekana limezimika. Hewa yake yenye sumu haina harufu. King'ora cha moshi cha betri nunua mwenyewe; ukihama, unahama nacho.

Hatua ya 6: Akinyamaza

Siku 7 zilipita. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na nakala ya barua, akamwita mwenye nyumba. Kwetu iliishia hapo. Isingeishia, kinachofuata ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30 unaruhusiwa kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkataba wa maandishi ulipiwe ushuru wa stempu TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla ya kuupeleka huko, la sivyo utakataliwa kama ushahidi hadi ulipiwe. Kama huna uwezo wa wakili, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure. Mambo ya choo na maji taka mpelekee afisa afya wa kata, ni njia fupi zaidi.

Hatua ya 7: Pokea kazi

Uwepo siku fundi wa mwenye nyumba anapokuja. Piga picha ya nondo ikiwa shimoni kabla haijafukiwa, kwa sababu mchanga ukirudi hakuna atakayejua kilichozikwa. Omba namba ya omu kwenye karatasi na nakala ya risiti. Bonyeza T kila mwezi. Na kama kazi imefanyika masika, kubalianeni siku hiyo hiyo kwamba fundi atarudi kupima tena mwezi wa tisa, mchanga ukiwa umekauka.