Maji yaliyotulia: maikrowevu kwa mgeni wa Kampala

Ukipanga nyumba yenye samani hapa Kampala, iwe Kansanga, Ntinda au Kisaasi, huenda ukaiona maikrowevu kabla hujaliona jiko. Mtungi wa gesi utajinunulia mwenyewe. Sigiri utaipata sokoni, na jina lake halitakusumbua kwa kuwa Waganda nao huiita ssigiri. Lakini maikrowevu ipo juu ya kabati, imefutwa vumbi, inakungoja. Wengi wetu tuliotoka Tanga, Kisumu au Bukavu hatukukua nayo. Tulikua na sufuria, na sufuria haina siri: maji yakikaribia kuchemka huanza kuimba, viputo hupanda, kifuniko hucheza. Hata aliye chumbani anajua chai iko karibu. Maikrowevu haina adabu hiyo.

Mimi nilifunzwa na mkono wangu wa kulia. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza hapa, nimeweka kikombe cha maji ya chai ndani, umeme ukakatika. Uliporudi baada ya robo saa nikabonyeza dakika tatu nyingine bila hata kufungua mlango. Nilipokitoa kikombe, maji yalikuwa shwari kama ya mtungini, hayana kiputo hata kimoja. Nikasema haya bado, lakini acha nitie sukari hivyo hivyo. Kijiko kilipogusa maji, kikombe kizima kikaruka. Nusu ya maji iliishia ukutani, nusu kwenye kiganja na kifundo cha mkono. Jirani alikuja mbio, "Bambi, nyabo!", yaani pole, mama, mkononi ameshika dawa ya meno. Hiyo dawa ya meno nitairudia.

Wahenga waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwa na maikrowevu, lakini walikuwa wameyaelewa maji yale.

Kwa nini yanaruka

Joto peke yake haliyachemshi maji. Kiputo cha mvuke kinataka mahali pa kuzaliwa: mkwaruzo mdogo, chembe ya kitu, hewa iliyonasa kwenye ufa. Sufuria ya alumini iliyosuguliwa kwa majivu miaka kumi imejaa mikwaruzo, tena moto unaipata yenyewe kwanza, kwa hiyo viputo huanzia pale chini na kupanda kwa zamu. Ndani ya maikrowevu mambo ni kinyume. Mawimbi yake hupenya kikombe na kuyapasha maji moja kwa moja; kikombe hupashwa na maji, baadaye. Kama kikombe ni cha kioo au kaure, kipya, laini, kimeoshwa kikang'aa, viputo havina pa kuanzia. Maji hupanda joto yakapita kiwango cha kuchemka na bado yametulia. Halafu wewe unakuja na kijiko, sukari, kahawa ya unga au kifuko cha majani, unayapa maelfu ya mahali pa kuanzia kwa wakati mmoja.

Usidhani ni jambo dogo. Chukua kikombe cha mililita 250 kilichopita kiwango chake kwa nyuzi 5 tu. Joto hilo la ziada linatosha kugeuza gramu 2 za maji kuwa mvuke papo hapo, na gramu 2 za maji zikiwa mvuke zinataka nafasi ya lita tatu na ushee. Nafasi hiyo kikombe hakina, ndiyo maana maji yaliyobaki hutupwa nje.

Na kule kukatika kwa umeme? Ndiko kulikonimaliza. Maji ya bombani huwa na hewa iliyoyeyuka ndani yake, na hewa hiyo husaidia viputo kuanza. Ukiyapasha mara ya kwanza hewa hutoka. Ukiyaacha yapoe kidogo ukayapasha tena, unapasha maji yasiyo na msaada wowote. Kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi usibonyeze tu. Fungua, koroga, au yamwage uweke mengine, kisha uanze upya kwa muda mfupi.

Wapo wanaouliza kama mwinuko wa Kampala una neno. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam na Mombasa. Lakini kwa kikombe kimoja tofauti hiyo ni ya sekunde chache tu. Kinachotuunguza ni dakika tunazobonyeza kwa kukisia.

Kupasha maji bila kuumia

Anza kwa kujua nguvu ya mashine yako. Angalia mgongoni au ndani ya mlango. Nyingi ndogo za majumbani zimeandikwa wati 700, kubwa zinafika 1000. Kikombe cha mililita 250 cha maji ya bomba kinahitaji kama dakika mbili kwa wati 700, na dakika moja na nusu hivi kwa wati 1000, ndipo kikaribie kuchemka. Hakuna sababu ya kubonyeza tano. Kama hujui nguvu yake, nenda dakika moja moja, ukikoroga kila unapofungua.

Kabla ya kuwasha, tia ndani kitu cha kuyapa maji mahali pa kuanzia: kijiti cha mbao, kijiko cha mti, au sukari yenyewe. Sukari au kahawa inayotiwa mwanzoni hupunguza sana hatari. Ikitiwa mwishoni ndiyo inayolipua. Kifuko cha majani nacho kinaweza kutangulia, ila kikague kwanza, maana vingine vimebanwa kwa pini ya chuma. Kikombe usikijaze, acha vidole viwili juu. Mashine ikilia, usikimbilie. Acha mlango umefungwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha ufungue ukiwa umeweka uso pembeni, koroga kwa kijiti kirefu kikombe kikiwa bado ndani, ndipo ukitoe kwa kitambaa. Chai mukalu, yaani ya rangi, itangoja.

Swali la mionzi huulizwa kila mara, hasa na mama zetu wanapokuja kututembelea. Mama, mlango ukifunguliwa mawimbi yanakoma hapo hapo, na chakula hakibaki na mionzi. Kitakachokuunguza ni mvuke.

Maziwa, uji na binyebwa

Maji matupu huruka, lakini vitu vizito vina vituko vyake. Maziwa hutengeneza utando juu, mvuke unanasa chini yake, halafu yote yanapanda kwa mara moja na kumwagika kwenye sahani inayozunguka. Tumia bakuli kubwa mara mbili ya maziwa yenyewe, sekunde 30 kwa 30, ukikoroga. Na yale maziwa mabichi yanayopimwa kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, dukani, ya huko Mbarara na kwingineko, usiitegemee maikrowevu kuyachemsha. Joto lake halifiki pote sawasawa, na maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Yachemshe kwenye sufuria hadi yafure, ndipo baadaye uyapashe unavyotaka.

Uji wa mtama na mchuzi wa karanga, hiyo binyebwa tamu kuliko zote, ni vizito mno hata mvuke haupati njia. Pembeni vinatokota, katikati baridi, halafu tone moja linaruka hadi darini, na uzito huo hung'ang'ania ngozi kuliko maji. Ongeza maji kidogo, punguza nguvu ya mashine hadi nusu, funika kilegevu kwa sahani, koroga mara kwa mara. Supu yenye mafuta yaliyoganda juu ni vivyo hivyo. Utando wa mafuta ni kifuniko, kwa hiyo uvunje kwa kijiko kabla ya kuwasha.

Chupa ya mtoto usiiweke humo kabisa, iwe maziwa ya mama au ya kopo. Katika chupa moja sehemu moja inakuwa vuguvugu na nyingine inaunguza, nawe ukishika kwa nje hujui. Isimamishe kwenye bakuli la maji moto dakika chache, itikise, dondosha tone kwenye kifundo cha mkono wako. Hapa sina mzaha wala mbadala.

Vyombo

Kikombe cha bati lenye rangi ya enameli ni chuma, hata kiwe kizuri namna gani. Vile vya kaure vyenye mstari wa dhahabu, zawadi za harusi, vitatoa cheche. Sahani za melamini, ngumu kama kaure na nyepesi kama plastiki, hunyonya joto zenyewe na kuharibika. Kavera na kopo la siagi tusiyazungumzie. Chombo chochote kilichofungwa kifuniko kikikaza ni bomu, legeza kwanza. Ukiwa na shaka na kikombe, kiweke kitupu karibu na glasi ya maji, washa dakika moja. Glasi ikiwa na maji moto na kikombe kikiwa baridi, kinafaa. Usiwashe mashine bila kitu chenye maji ndani, itajiua yenyewe.

Na kama umeibeba mashine yako kutoka ng'ambo, soma kwenye kibandiko: Uganda ni volti 240. Iliyoandikwa 100 au 120 usiichomeke.

Ukiungua

Sasa ile dawa ya meno. Usipake, wala asali, wala mafuta, wala ute wa yai, wala unga. Tia mkono chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili ukitazama saa, na barafu usiweke. Bomba likiwa limekauka, na litakauka, chukua jerikani na kikombe umwagie kidogo kidogo. Vua pete na bangili mapema kabla hujavimba. Baadaye funika kwa plastiki safi nyembamba. Kwa mkono hata kavera mpya iliyo safi inafaa. Malengelenge usiyapasue. Ukiungua uso, kiganja au kiungo, eneo likizidi ukubwa wa kiganja chako, au aliyeungua akiwa mtoto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Kiruddu, upande wa Makindye, ina kitengo cha majeraha ya moto.

Baada ya yote hayo, mimi maji ya chai nayachemsha kwa jagi la umeme. Linajizima lenyewe na linapiga kelele, nami nimezoea vyombo vyenye kelele. Maikrowevu nimeiachia mchuzi wa jana na usafi wake wenyewe. Sikuikimbia kwa ajili ya umeme, kwa kuwa kikombe kwa dakika mbili hakili hata sehemu ya ishirini ya yuniti ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Kuisafisha: bakuli la maji nusu, ndimu iliyokatwa vipande, kijiti cha mbao ndani. Dakika tatu, kisha uiache imefungwa dakika tano nyingine kabla ya kufuta.