Jinsi ya kupata toni ya bluzi (muziki wa blues) kwenye gitaa la zamani

Kabla hujachomeka waya wowote, tafuta mahali patulivu, weka gitaa pajani, bonyeza uzi wa 2, ukihesabu kutoka ule mwembamba, kwenye freti ya 10 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo). Hiyo ni noti ya A. Ipige mara moja tu halafu iache iishe yenyewe. Sikiliza inavyoanza, inavyokaa na inavyofifia. Kama inakatika ghafla, au inazizima kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, amplifaya ya bei yoyote haitakusaidia, itakuza tu ugonjwa uleule. Ninatengeneza magitaa na kufundisha hapa Kirumba, Mwanza, na kila gitaa linaloletwa kibandani kwangu hulianza hivyo, kavukavu, bila umeme.

Vijana wengi huja wakiuliza wanunue pedali gani, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti. Wamemsikia B.B. King, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, kwenye simu, wanataka sauti ile. Marehemu mjomba wangu, aliyepiga ridhim kwenye bendi za dansi, alipenda kunisimulia habari za tamasha la Kinshasa la mwaka 1974, ambalo B.B. King alipiga, na Franco naye akapiga. Aliniambia, "Mjomba, hesabu noti za B.B., kisha hesabu zako." Sisi tuliolelewa na solo za dansi na benga mikono yetu ina mbio. Tunapiga karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaa juu ya mwili wa gitaa, sauti inatoka kali na safi, noti zinamwagika kama dagaa kwenye turubai pale soko la samaki la Mwaloni. Ni ustadi mkubwa na ninaupenda. Lakini bluzi inaitegemea noti moja ibebe kazi ya noti kumi, kwa hiyo lazima noti hiyo iwe nzima, kuanzia kidole hadi spika. Tuifuate njia hiyo.

Anza na nati, kile kipande chenye vijia sita mwisho wa shingo, upande wa vifungio vya kukazia nyuzi. Kwenye magitaa mengi ya mtumba ni plastiki laini, au imeshaliwa. Nati husikika moja kwa moja kwenye nyuzi zilizo wazi tu. Ukishabonyeza freti, freti ndiyo inayoshika uzi. Sababu ya kuihangaikia ni nyingine: bluzi ni muziki wa kuvuta nyuzi. Ukivuta uzi, unateleza kidogo ndani ya kijia cha nati. Ukiachia, lazima urudi pale ulipotoka. Kijia kikiubana, hutarudi, na gitaa litakuwa limetoka kwenye sauti kabla wimbo haujafika katikati. Utaijua nati inayobana kwa mlio mdogo wa "ting" unapokaza kifungio. Dawa ya haraka ni penseli: chonga ncha, sugua unga wake mweusi ndani ya kijia, uzi utateleza.

Dawa ya kudumu iko buchani. Omba mfupa wa mguu wa ng'ombe, ule mnene na mnyoofu. Kanda yetu hii ya wafugaji haukosekani. Kwangula uboho wote, chemsha kwa muda mfupi na sabuni ili mafuta yatoke, kisha uanike kivulini wiki 2 au 3. Usiuanike juani, utapasuka. Kata kipande kwa msumeno wa chuma, bandika msasa juu ya kioo, usugue mfupa hadi ukae kwenye nafasi yake bila kulegea. Vaa barakoa, maana vumbi la mfupa linanuka na si zuri kifuani. Vijia vya nyuzi nene mimi huvimalizia kwa kipande cha uzi mnene uliochakaa, nikikivuta mbele na nyuma kama tupa. Fanya taratibu sana hapo mwisho. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha angalia freti ya 1: panatakiwa pabaki upenyo mwembamba kama unene wa karatasi. Ukizidisha mikwaruzo miwili tu, uzi utalala juu ya freti na utaanza mfupa mwingine. Nati ya kwanza niliyoichonga hivi ilinichukua siku nzima. Nilipoupiga uzi wa 3, ule wa G, ukiwa wazi, nikauvuta na ukarudi palepale, nililiweka gitaa chini nikaenda kumwita jirani aje asikie.

Shingo nayo. Shika uzi mnene kwenye freti ya 1 na pale shingo inapoungana na mwili, kisha tazama karibu na freti ya 7. Upenyo wa kama milimita 0.25, unene wa kadi ya biashara, unatosha. Ukiwa mkubwa mno, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko, subiri, pima tena. Unyevu wa ziwani hufanya mbao zisogee msimu hadi msimu, kwa hiyo pima upya mvua zikianza na zikiisha. Kuhusu urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti, usizilaze chini kabisa kama wafanyavyo wapiga mbio. Ukivuta uzi, kidole kinahitaji mahali pa kuingia chini yake.

Sasa pikapu, na hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa bisibisi ya bei ndogo inaweza kukupa mabadiliko makubwa kuliko pedali. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme mdogo unazaliwa. Wengi huinua pikapu juu kabisa wakitaka nguvu. Sauti inakuwa kubwa kweli, lakini sumaku inauvuta uzi na kuuzuia kutetemeka kwa uhuru. Noti inakufa mapema, na nyuzi nene zinalia kama noti mbili zinazogombana. Kwenye gitaa la aina ya Stratocaster, bonyeza freti ya mwisho kisha pima kutoka juu ya sumaku hadi chini ya uzi: milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2 upande wa mwembamba ni mahali pazuri pa kuanzia. Kutoka hapo shusha nusu mzunguko, piga A ileile ya freti ya 10, sikiliza, shusha tena. Kuna mahali ambapo sauti inafunguka na kuwa na hewa. Ukipita hapo inakuwa nyembamba. Rudi nyuma kidogo.

Pikapu yenye koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya, kama za Telecaster na Stratocaster, itavuma. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo huo unaingia kwenye koili pamoja na muziki. Mwaka 1955 fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson aitwaye Seth Lover aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili zilizopangwa kinyume, ili mvumo wa moja uufute wa nyingine. Kuanzia mwaka 1957 zikawekwa kwenye magitaa yao. Zina sauti nene, ya mviringo. Sisemi ipi ni bora. Muddy Waters, mkongwe wa bluzi, aliipiga Telecaster yake kwa bomba la kidoleni linaloteleza juu ya nyuzi, na kila noti inakata kama panga. Chagua unayoipenda, ila ukibadilisha volyumu iliyochakaa, kile kifaa kinachozungushwa na nobu, koili moja kwa kawaida hupewa ya kiloomu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 250, na koili mbili ya kiloomu 500. Kuweka ya 500 kwenye koili moja kutaifanya sauti iwe kali mpaka ikuchome masikio.

Neno moja kwa wanaonunua. Ukiambiwa gitaa ni la Marekani la mwaka 1962, omba kufungua kifuniko, tazama mgongo wa volyumu. Mara nyingi kuna tarakimu. Ikianza na 137 ni kiwanda cha CTS, na tarakimu 4 zinazofuata ni mwaka na wiki: 1376612 ni mwaka 1966, wiki ya 12. Kama volyumu ni ya asili, gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko volyumu yake. Langu mimi ni la Kijapani, la mtumba, jina limefutika kwenye kichwa cha shingo. Lina miaka mingi ya kupigwa, freti zake nimezisawazisha mwenyewe, na silibadilishi na jipya.

Mkono. Weka kando piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, kwa wiki moja. Hubert Sumlin, aliyempigia gitaa mwimbaji wa bluzi Howlin' Wolf, alitumia vidole vitupu, na mpiga gitaa wa bluzi Albert King alitumia dole gumba. Nyama ya kidole inauanza uzi kwa upole, halafu ukitaka ukali unauchota na kuuachia ugonge shingo. Sogeza mkono kutoka kwenye daraja uje karibu na shingo, usikie sauti inavyopata joto bila kugusa nobu.

Kuvuta uzi kujifunze kwa sikio. Piga uzi wa 2 freti ya 5, ni E. Ishike kichwani. Sasa bonyeza uzi wa 3 freti ya 7, ni D, uvute hadi uifikie ile E, usiipite wala usiishie njiani. Tumia vidole vitatu pamoja, cha tatu kikiongoza. Halafu kuna mvuto mdogo zaidi, ambao ndio roho yenyewe: uzi wa 3 freti ya 5, ni C. Uvute kidogo tu, usifike C ya kupanda (C#), ile ya freti inayofuata. Papo hapo katikati, pasipo na freti, ndipo bluzi inapokaa.

Mtetemo ni kazi ya miezi. B.B. King alitamani sauti ya bomba la kidoleni kama ya binamu yake Bukka White, hakuiweza, akautafuta mtetemo ule kwa mkono mtupu. Rudi kwenye A ya freti ya 10. Kidole cha kwanza kishike uzi, dole gumba liachie shingo, kisha zungusha mkono kuanzia kwenye kigasha kama anayejaribu kitasa cha mlango kilichofungwa. Kidole hakijikunji chenyewe. Kwanza piga noti iwe wazi, subiri, ndipo utetemeshe. Wanafunzi wangu hutetemesha mara tu wanapogusa, kwa woga, na noti haipati nafasi ya kujitambulisha.

Ukiridhika na hayo, chomeka. Waya usizidi mita 6 kama si lazima, maana waya mrefu unakula ukali wa juu. Amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za zamani, ni tamu kwa sababu ukiisukuma sauti yake inapasuka polepole, ikifuata nguvu ya mkono wako. Ya transista yenye spika ya inchi 10 au 12 nayo inafaa ukiitumia kwa akili. Lakini angalia kwa makini nyuma yake pameandikwa volti ngapi. Amplifaya yangu ya kwanza ya valvu ilitoka Marekani, ya volti 120. Niliichomeka moja kwa moja ukutani kwenye 230. Ilitoa mvumo, kisha harufu ya vanishi inayoungua, kisha moshi, na akiba yangu ya miezi mingi ikaishia pale. Tafuta transfoma ya kupunguza umeme yenye uwezo wa kutosha. Na usiifungue amplifaya ya valvu hata kama umeichomoa: kapasita zake huhifadhi mamia ya volti, zinaua.

Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, hilo ni jambo la kawaida. Ukihisi umeme unakuchoma midomoni unapokaribia maiki, acha kupiga hapohapo, chomoa kila kitu, mwite fundi umeme. Huenda soketi haina waya wa ardhini. Hilo si jambo la kuvumilia ili shoo iendelee.

Pedali sina mengi ya kusema. Moja ya kuongeza mkwaruzo kidogo, basi.

Weka volyumu ya gitaa 10, pandisha amplifaya mpaka noti ya nguvu ianze kupasuka na ya upole ibaki safi. Sasa rudisha gitaa hadi 6. Hapo ndipo utakapopiga ridhim. 4 zilizobaki ni za solo. Ukiwa ukumbini, mwombe mwenzako akushikie gitaa na apige A ileile, wewe tembea hadi mlangoni, palipo na meza za mwisho. Huko noti za chini huwa zimejaa na za juu zimepungua, tofauti kabisa na ulivyosikia ukiwa umesimama juu ya spika. Punguza besi, inua amplifaya juu ya kiti, rudi mlangoni usikilize tena.