Kunasa setilaiti ya QO-100 ukiwa Kisumu

QO-100 ndo setilaiti ya ham redio (redio za mawasiliano za watu wa hobi) iliyo rahisi zaidi kwetu kwa sababu haizunguki ikapotea baada ya dakika kumi, imebebwa na Es'hail-2 ya Qatar iliyorushwa Novemba 2018 na imekaa palepale digrii 25.9 Mashariki. Shida ni kwamba miongozo mingi ni ya watu wa Ulaya. Sisi tuko ikweta bana, na mimi hapa Migosi nilimaliza wikendi mbili nikifuata vipimo vyao.

Tafuta dishi la kawaida la TV la sentimita 80 ama 90, LNB ya universal (kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi), kile kidude cha USB cha RTL-SDR kinachogeuza laptopu kuwa redio, bias tee (kiunganishi kinachopitisha umeme kwa kebo) na betri ya volti 12. Hiyo bias tee usiiruke, ndo inapeleka moto kwa LNB na kuuzuia usirudi kwa RTL-SDR. Ukikosea upande ukachomeka, kidude kimeenda.

Sasa dishi. Kutoka Kisumu setilaiti iko digrii 80 juu, karibu utosini, imelalia magharibi kidogo (Nakuru ni kama 78). Bracket nyingi haziwezi kulala hivo, kwa hivo peleka paipu kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye wakuchomelee ikiwa imeinama digrii 20 kuelekea mashariki, ili dishi linaloangalia magharibi lipande juu zaidi, halafu salio unamalizia na bolti. Dishi la offset (lile LNB yake imekaa pembeni, si katikati) litaonekana limeinama tu, halijalala kabisa kama sahani ya ugali, usishtuke, ni sawa. Toboa katundu kadogo pale chini maji ya mvua yatoke.

Hapa ndo nilikwama: LNB. Miongozo ya Ulaya inasema polaraizesheni (upande mawimbi yanavyosimama) ni vatikali, yaani wima, weka volti 12 ama 13 uache LNB imesimama. Kwetu hapana! Setilaiti ikiwa magharibi kabisa na wewe uko ikweta, vatikali yake inakufikia ikiwa imelala, so fungua ile klampu uzungushe LNB robo duara, digrii 90. Nilipozungusha tu, ukungu uliokuwa kwa skrini ukatoa mistari.

Kwa laptopu fungua programu ya SDR Console ama Gqrx, nenda 739.75 MHz. Hiyo ni 10489.750 ya setilaiti toa 9750 ambayo LNB inapunguza, na hapo kati ndo bikoni (ishara ya setilaiti isiyozimika) inakaa. Sogeza dishi kidogokidogo, upana wa kidole, ngoja, angalia. Bikoni isipokuwa palepale usihangaike, LNB ikipigwa na jua inahama kilohezi kadhaa, iache iwake nusu saa kwanza.

Kaza bolti zote mara mbili, upepo wa ziwa wa mchana si mchezo, na radi ikianza chomoa kebo. Kusikiliza anza leo, ila kabla ya kurusha kwa 2400 MHz chukua leseni ya CA (Mamlaka ya Mawasiliano) kwanza upewe callsign yako, jina la kituo, inayoanza na 5Z4.