Mtutu mrefu, mtutu mfupi: namna ya kukadiria kasi ya risasi yako

Ubishi huu hauishi kwa wawindaji wa kwetu, kuanzia Masasi hadi Liwale. Mmoja anaapia mtutu wa inchi 26, mwenzake anataka mfupi usionase vichakani. Tupime kwanza, tubishane baadaye. Somo ni la wenye leseni.

Hatua ya 1: Jua urefu halisi. Toa magazini, fungua bolti, tazama chemba (chumba cha risasi) na uipapase kwa kidole. Ukishahakikisha ni tupu, funga bolti, ingiza ufito wa kusafishia kutokea mdomoni hadi ugote, weka alama usawa wa mdomo, toa upime. Chemba imo ndani ya kipimo hicho. Kifaa kilichoskrubiwa mdomoni kivue kwanza, hakihesabiwi.

Hatua ya 2: Soma boksi kwa jicho la shaka. Kasi iliyoandikwa pale imepimwa kwa mtutu wa majaribio, ambao kwa raifo nyingi ni wa inchi 24. Wako ukiwa na inchi 20, namba ile si yako.

Hatua ya 3: Elewa kinachosukuma. Fataki, yaani kiwashio kilichoko kitakoni mwa ganda, ikiwasha baruti, shinikizo la gesi hupanda ghafla na kufika kileleni wakati kichwa cha risasi kimesogea sentimita chache tu. Kuanzia hapo linashuka, ila bado linaushinda msuguano, kwa hiyo kasi inazidi kupanda hadi mdomoni. Kila inchi inatoa kidogo kuliko iliyoitangulia, na hapa ndipo wengi wanapopotea: wanaipa inchi ya 25 thamani ya inchi ya 15.

Faida yenyewe inategemea wingi wa baruti ukilinganisha na upana wa tundu la mtutu. Risasi ndogo ya .22 LR ina baruti chembe. Ikifika inchi 16 hivi imemaliza kazi, na ukiurefusha mtutu sana msuguano unaanza hata kuirudisha nyuma. Wanaoumia kwa mtutu mfupi ni wale wa ganda kubwa na tundu jembamba, mfano 7 mm Remington Magnum.

Hatua ya 4: Piga hesabu. Raifo nyingi hupoteza kati ya mita 6 na 15 kwa sekunde kwa kila inchi inayopungua. Jeshi la Marekani linatupa mfano mzuri: bunduki yao ya M16A2 ya inchi 20 hutoa kama mita 948 kwa sekunde, M4 ya inchi 14.5 kama 905. Inchi tano na nusu zimekula mita 43, yaani takriban 8 kwa inchi.

Sasa chukua .375 H&H, risasi ya wanyama wakubwa tangu 1912. Kichwa cha greni 300 (greni ni kipimo cha uzito) kwa mtutu wa inchi 24 hutoka na kasi ya kama mita 760. Kwa inchi 20, tukikadiria mita 7 kwa inchi, unatoa 28, zinabaki 732. Kasi imepungua chini ya asilimia 4. Nishati hupungua zaidi, kama asilimia 7, kwa sababu hufuata kasi mara kasi. Lakini kwa mita 100, tofauti ya kushuka kwa risasi haifiki hata sentimita moja! Kwenye miombo ya Liwale, ambako mara nyingi humwoni mnyama kwa mbali, mimi ningebeba mfupi bila kujiuliza mara mbili.

Hatua ya 5: Hakikisha kwa kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya risasi. Iweke mita 3 hivi mbele ya mdomo, kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, piga risasi 10 za boksi moja utafute wastani. Boksi lisiachwe ndani ya gari juani; baruti yenye joto hupandisha shinikizo na kasi, na kipimo chako kitakudanganya.

MASWALI YA WANACHAMA

*Newala:* Shikamoo mzee. Yangu ya inchi 22 imeipita ya mjomba ya inchi 24, risasi boksi moja. Kronografu ni mbovu?

Marahaba. Si lazima. Tundu likibana kidogo zaidi, au chemba ikiwa finyu, mita 15 zinapatikana bila inchi hata moja. Hesabu ya hatua ya 4 inashika vizuri kwa mtutu uleule ukifupishwa. Kwa bunduki mbili tofauti ni makadirio.

*Kilwa:* Mrefu si ndio wenye shabaha?

Hapana. Kwa unene uleule, mfupi hautikisiki sana kama mrefu. Urefu unakusaidia ukilenga kwa vilengeo vya chuma, maana umbali kati yao unaongezeka. Ukiwa na darubini, faida hiyo haipo.

*Nachingwea:* Kaka, wangu nikiukata kwa msumeno?

Usithubutu. Silaha yako ni ya leseni, si ya kufanyia ufundi nyumbani. Isitoshe, ukingo wa mdomo ukienda upande hata kidogo, gesi inakisukuma kichwa pembeni kinapotoka, na shabaha imekwenda.

*Mikindani:* Huku upepo wa chumvi unatumaliza. Kutu inapunguza kasi?

Kabla ya kasi, itakuharibia shabaha. Pitisha kitambaa chenye mafuta mtutuni kila unapotoka porini. Ila siku ya kupiga, pitisha kikavu kwanza, kwani mafuta yaliyotuama ndani yanaweza kupandisha shinikizo kupita kiasi.