Somo: Kuiozesha vanila kwa mkono, ua moja moja

Vanila ya huku kwetu Dole, Unguja, haizai mpaka iozeshwe, yaani ifungishwe ndoa. Nimelichagua neno hilo kwa makusudi. Dume na jike wamo ndani ya ua moja, wamelala chumba kimoja, na hawakutani, maana kati yao pana pazia. Asili ya mmea huu ni Meksiko, na wadudu wa kwao ndio wanaoijua njia ya kulipita pazia hilo. Nyuki wetu hulizunguka ua wakaenda zao.

Njia tunayoitumia mpaka leo aligundua mtoto. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius alikuwa mtumwa wa miaka 12. Miaka mitano kabla yake, mtaalamu wa Ubelgiji, Charles Morren, alishafanikiwa kuichavusha vanila huko Liège, lakini mbinu yake haikufika mashambani. Ya Albius ilihitaji kijiti na kidole gumba tu. Wenye mashamba walitajirika kwa mkono wa mtoto huyo. Yeye aliachiwa huru mwaka 1848 na akafa maskini mwaka 1880. Hakuna asubuhi ninayoingia shambani nisimkumbuke, na ninyi nataka mumjue.

Hatua ya kwanza: wahi. Ua hufunguka alfajiri, na jua likishapanda linanywea. Mimi huanza saa moja asubuhi, ikifika saa tano nimemaliza. Ua ulilolikosa leo kesho halikusubiri. Kikonyo kimoja hubeba maua mengi, ila hufunguka moja au mawili kwa siku, kwa hiyo itabidi upite kila siku mpaka msimu uishe. Msimu mmoja nilikwenda harusini Pemba siku tatu. Niliporudi maua yalikuwa yametapakaa chini ya miti kama makumbi.

Hatua ya pili: chombo. Chukua chelewa, kile kijiti cha kuti la mnazi, uichonge ncha butu. Mwiba wa mlimau nao unafaa ukiusugua kidogo, kwani ncha kali inatoboa pale pasipotakiwa kutobolewa.

Hatua ya tatu: lishike ua kwa nyuma, kwa mkono wa kushoto. Petali moja imejikunja kama mrija. Ipasue kwa chelewa uifunue. Ndani utaona kinguzo cheupe, kama ukubwa wa njiti ya kiberiti iliyokatwa nusu. Juu yake pana kofia ndogo, na chini ya kofia pamegandamana chavua ya njano, laini kama nta iliyopata joto. Hilo ni dume. Chini kidogo pana kishimo chenye ute unaonata. Huyo ni jike. Na hapo katikati kimening'inia kiulimi chembamba: ndilo pazia lenyewe. Lisogelee kwa macho, usiwe na haraka. Mwanafunzi wangu mmoja alichavusha asubuhi nzima akikibonyeza kiulimi badala ya kukiinua, na hakupata hata tunda moja.

Hatua ya nne: pitisha chelewa chini ya kiulimi, ukiinue kilale nyuma. Kisha kwa kidole gumba isukume chavua ishuke iguse ute. Bonyeza taratibu, toa chelewa, nenda ua jengine. Mkono ukishazoea, ua moja ni sekunde chache tu.

Hatua ya tano: usiyaozeshe yote. Maua nane mpaka kumi kwa kikonyo yanatosha, mengine yachume. Mmea ukibebeshwa kupita kiasi unatoa matunda membamba, na mwaka unaofuata unakuwa dhaifu.

Baada ya siku mbili pita tena. Ua lililokauka lakini bado limeng'ang'ania kikonyo, limeshika. Linaloanguka ukiligusa, halikushika.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tutulie, kwa sababu hata skuli jambo hili huchanganywa. Ulichofanya kwa chelewa ni uchavushaji. Urutubishaji, yaani mbegu ya kiume kuungana na yai, bado. Chembe ya chavua ikishanata kwenye ute huota mrija mwembamba, na ndani ya mrija huo mbegu za kiume husafiri kuteremka mpaka kwenye kifuko cha mayai. Katika jamii ya vanila, mayai yenyewe yanakuwa hayajakomaa. Ni kule kuja kwa chavua ndiko kunakoyaamsha yamalizie kujiumba. Wiki kadhaa hupita ndipo mbegu ya kiume na yai zikutane, kila moja ikiwa na nusu ya urithi, zikawa kitu kimoja. Huku nje wewe unaona tunda linarefuka tu, ndani harusi bado haijafungwa! Tunda huchukua miezi kama tisa mpaka ncha yake ianze kupiga manjano, na hapo tumboni mwake mna maelfu ya mbegu nyeusi, ndogo kama vumbi.

Mbegu hizo hakuna mkulima anayezipanda. Zinahitaji kuvu maalumu ziweze kuota, kwa hiyo sisi tunakata kipande cha mmea na kukipandikiza. Kipandikizi hakina baba wala mama. Ni mmea ule ule umeendelea kuishi pahala pengine.

Maswali ya wanachama

Kutoka Wete: Maalim, nimepanda mipapai sita kutokana na papai moja. Miwili inatoa maua marefu yanayoning'inia, tunda hakuna. Mzee wangu anasema niipigilie msumari itabadilika. Ni kweli?

Ndugu yangu, hiyo miwili ni madume. Dume huning'iniza maua madogo mengi kwenye vikonyo virefu. Ua la jike ni nene, limekaa karibu na shina, na ukilipasua unakuta kipapai kimeshaumbika ndani. Ipo pia mipapai yenye vyote viwili katika ua moja. Mpapai dume wakati mwengine hubadilika wenyewe na kuzaa, hasa hali ya hewa ikigeuka, ndiyo maana msumari umepewa sifa isiyo yake. Uache mti bila jeraha. Kata dume mmoja, mwengine mwache awape majike chavua. Safari ijayo weka miche mitatu kila shimo, subiri maua, kisha ubakishe unaoutaka.

Kutoka Paje: Sisi kinamama wa mwani tunafunga vipande kwenye kamba tu. Kwani mwani hauna dume na jike?

Unao, dada yangu. Mbegu yake ya kiume haina mkia wa kuogelea, hubebwa na maji mpaka inase kwenye kijinywele cha jike. Kisha kizazi kinapita maumbo mengine kabla ya kurudi kuwa dume au jike. Lakini mbegu za kilimo chetu, kilichoanza mwaka 1989, zililetwa kutoka Ufilipino, na tangu hapo tunakata na kufunga kwa tai-tai, vile vikamba vyembamba. Kipande ni mmea ule ule. Kotoni, ile aina ya mwani mnene, usiostahimili maji ya moto, vipande vyake vyote havistahimili, ndiyo maana unaona kamba nzima inakufa kwa pamoja. Kujamiiana kungechanganya urithi, na katika mchanganyiko huo pengine ungetokea unaovumilia. Kwa sasa, wenzenu wanaopanda kwenye maji ya kina wanapata nafuu.

Kutoka Makunduchi: Kwa nini tunaambiwa tusimchokoe pweza aliyeko pangoni na mayai?

Kwa sababu huyo hana uzazi mwengine. Dume humkabidhi mbegu kwa mkono wake mmoja maalumu. Jike akishataga huyalinda mayai, huyapulizia maji safi, wala hali kitu. Yakianguliwa anakufa. Ukimtoa pangoni, samaki watayala mayai yote. Kisiwa Panza kule Pemba wanafunga miamba kwa muda ili pweza wakue na wazae, na mimi naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote.

Kutoka kwa mwanafunzi, Chake Chake: Hamira ya maandazi nayo ina dume na jike?

Mwanangu, swali zuri sana. Hamira ina aina mbili, lakini huwezi kusema hii dume, hii jike, kwa sababu zinalingana kwa umbo na ukubwa. Kila aina hutoa harufu yake, aina ya pili ikainusa, zikanyooshana na kuungana. Njaa ikiingia, seli iliyoungana hujigawa ikatoa mbegu nne ngumu za kungojea siku njema. Chakula kikiwepo haihangaiki na mbegu hizo, inachipua tu. Mwombe mwalimu wako hadubini: weka hamira kidogo kwenye maji vuguvugu yenye sukari, subiri nusu saa, uchukue tone moja. Utaziona seli zenye kijitoto kimeota ubavuni.